Mafuta ya Jenereta Yalipoisha

Baba Kabula mpenzi,

Mwadila. Najua hutaitika, lakini mtu hamwandikii mumewe bila kumsalimu. Hapa nyumbani ni salama. Pamba imetoka vizuri, ndama wa yule ng'ombe wako mkorofi amerithi tabia za mama yake, na mimi tangu juzi nacheka peke yangu mpaka mwanao ananiuliza kama naumwa. Nakuandikia nikueleze sababu.

Unaukumbuka ule mkanda tuliouangalia Bariadi? Ulikuwa mwaka ule wanunuzi binafsi walipoanza kuja na malori kugombea pamba yetu, na mjini kila mwenye televisheni na jenereta akafungua banda la video. Ilikuwa mchana, siku ya mnada. Mimi nilikuwa mjane, sina mtoto, na wewe ulikuwa mjukuu wangu. Si wa damu. Mama yako aliniita mama mdogo kwa ujirani tu, basi nami nikawa bibi yako, ingawa nilikuzidi miaka michache. Na kwetu mjukuu ana haki ya kumtania bibi yake. Kila tulipokutana kisimani uliniita mke wangu, ukaniuliza ugali wako uko wapi, watu wakacheka. Nami nilikujibu kwamba mume asiye na ndevu simpikii.

Kwenye mkanda, mama mmoja wa makamo alikwenda kupumzika nchi ya ugenini miezi ya joto, akapendana na kijana aliyekuwa akimletea mikate kwa baiskeli. Masanja, mwenye banda, alitufasiria kwa sauti, na mengi akiyaongeza mwenyewe. Kijana alipomshika yule mama mkono na kumwambia anampenda, Masanja akasema, "Anamtania bibi yake huyo." Banda zima likaangua kicheko, nami nikiwamo.

Wewe hukucheka. Ulisimama, ukawaziba watu kioo, ukasema, "Hatanii huyo." Kisha ukanitazama mimi. Nilitamani ardhi inimeze. Watu hawajamaliza kugeuza shingo, jenereta likakohoa, likazimika. Mafuta yalikuwa yameisha, na Masanja hakuwa na mengine.

Tangu siku ile hukunitania tena. Kisimani uliniamkia kwa heshima, ukanitwisha ndoo, ukapita. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa, maana utani wako nilishauzoea, na kimya chako sikujua nikiweke wapi. Ulipomtuma mjomba wako kwa kaka yangu, kaka alicheka mpaka akashika mbavu. "Utani wenu sasa mmeuletea na mshenga?" Mjomba wako alikaa tu, ameshika kofia yake, hadi kaka alipoacha kucheka mwenyewe.

Jibu likabaki kwangu. Nilikupenda, lakini niliogopa kuwa kichekesho cha kijiji, na zaidi niliogopa kwamba siku moja ungeamka ukaniona bibi kweli. Nikakwambia nitajibu nikijua yule mama wa kwenye mkanda aliishia wapi. Tukarudi kwa Masanja. Akatuambia mkanda aliuazimisha banda la Mwandoya, na huko mashine imeutafuna.

"Minza," ukaniambia, "mwisho wao ni wao. Sisi hata hatujaanza."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina langu. Nikakubali pale pale, mlangoni pa banda.

Walicheka, wakachoka. Kabula akazaliwa wakati watu wamekwisha kusema nimechelewa. Ndevu zikakuota, na zikaja zikawa nyeupe kabla ya nywele zangu. Nilikuwa nikikutania kwa hilo, na tangu tulipokuzika sina wa kumtania.

Basi juzi nilimsimulia Kabula ule mkanda: baiskeli, mikate, ile kofia kubwa ya yule mama. Akahangaika na simu yake, akaupata. Nikauangalia wote. Mume wangu, joto lilipoisha yule mama alifunga sanduku, akarudi kwao peke yake. Kijana alibaki kituo cha treni ameshika baiskeli yake. Hawakuonana tena.

Kabula alilia. Mimi nilishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni, kisha nikacheka. Najijua mimi. Ningeuona mwisho ule siku ile ningekukatalia, nikaita hiyo busara, na watu wangenisifu. Nisingekuwa na Kabula wa kulia mbele yangu. Moyo wangu umetulia sasa, hata kukukosa kumekuwa kwepesi kidogo, kwa sababu nimeona jinsi ilivyobaki kidogo tu nikukose tangu mwanzo.

Masanja bado yupo, anatembelea fimbo. Kesho nampelekea jogoo. Atauliza wa nini, nami nitamwambia ni shukrani ya yale mafuta ambayo hakununua.

Pumzika, mjukuu wangu.

Mimi mkeo, na sitanii,
Mama Kabula