Wametunyima kwa Sababu Tuliwapokea Vizuri

Gasenyi, Bujumbura

Mama yangu mpenzi,

Ni mimi Faida wako. Nakusalimia kwanza, juu ukikutana na hasira mwanzoni utadhani kuna mtu amekufa. Hatujafa. Mgongo wako unasemaje? Na huko Kalemie, mnalala? Hapa bunduki zinalia vilimani na jioni tunafunga mlango mapema, lakini mjukuu wako Bora ameota meno, ananiuma nikimnyonyesha sawa vile mbwa mdogo. Baba yake bado yuko Rumonge kwenye kazi ya mawese. Barabara ikifunguka atapanda kuja huku.

Sasa hasira yenyewe.

Nilikwambia juu ya chama chetu cha wamama, tunaopika uji asubuhi kwa watoto wa wale waliokimbia vita milimani. Mama zao wanashuka mjini kutafuta kibarua, watoto wanabaki kwetu. Mkubwa wetu ni Mama Spès, mjane wa hapahapa. Unga ulikuwa unatoka parokia, na parokia imeishiwa. Ndipo tukasikia kuna fondasyo, shirika la misaada la nchi hizi za Maziwa Makuu, linaloshindanisha vyama. Mnaeleza kazi yenu, majaji wanakuja kutazama, wanatoa alama, na mshindi anapewa ruzuku. Tukaingia. Tulijua tukikosa, sufuria inalala.

Siku ya majaji tulifagia mpaka vumbi likaona haya. Tuliazima viti kanisani. Watoto walivaa nguo za misa, na asiye nazo alivalishwa za jirani. Wamama wakafunga vikwembe vya kuazima. Tukachangishana, tukanunua fanta. Wewe ndiwe uliyetulea hivyo, Mama: mgeni haonyeshwi mtungi mtupu.

Wakaja na gari jeupe. Mkubwa wao ni bwana mmoja wa miwani, Kiswahili chake cha pwani, kizuri kusikia. Akakaa, akanywa, akauliza, "Shida yenu kubwa ni ipi?"

Mama Spès akajibu, "Hakuna shida, bwana. Ni amahoro tu. Tunashukuru Mungu."

Mimi nilikuwa nimeshika gunia la unga, limebaki vumbi chini. Nikataka kulifungua. Mama Spès akaninong'oneza, "Ewe Faida, acha hiyo! Unataka kutuvua nguo mbele ya wageni?"

Na alikuwa na haki. Mtu mzima akiulizwa shida yake, anasema kwanza kwamba ni amani. Mgeni anamaliza kinywaji chake, anapumzika, halafu anauliza tena kwa sauti ya chini: na hali yenyewe? Hapo ndipo unafungua moyo. Ukimwaga machozi kwa swali la kwanza, wewe ni mlafi. Basi tukangoja swali la pili. Yule bwana akamaliza fanta, akaongezewa nyingine, akatazama saa, akashukuru, akapanda gari. Swali la pili halikuja, Mama! Tulibaki tumesimama na tabasamu zetu kama wajinga.

Wiki iliyofuata tukaitwa kwenye chumba kimoja ghorofani, huko mtaa wa Asiatique, kusikia washindi. Akashinda Madamu Liliane wa Kinindo, mtaa wa wenye pesa. Chama chake ni cha juzi. Siku ya majaji alikusanya watoto wa njiani, akawaacha na makamasi yao. Sisi tukaambiwa tumesimama vizuri, na ruzuku ni ya wenye shida zaidi.

Nikasimama, Bora mgongoni. "Bwana, ulituuliza mara moja tu."

"Mama, siku ile nilikuwa na vyama vingi vya kutembelea."

"Lakini fanta ulipata nafasi ya kunywa mbili."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Alama zimekwisha kutolewa. Mwakani mtashindana tena."

"Na njaa, tuiambie ingoje mwakani?"

Akafunga faili lake. Mama, kwa nini watushindanishe maskini kwa maskini, tupigane nani amechakaa zaidi? Mtoto akinawishwa uso, ndiyo ameshiba?

Basi sikiliza mwisho wake. Juzi Madamu Liliane mwenyewe amefika hapa Gasenyi na marashi yake. "Wamama, habari njema! Nimepata ruzuku ya kulisha watoto, lakini wale wangu wa njiani wametawanyika, siwaoni. Ninyi munao. Majaji wakirudi kukagua, muniazime. Ila wasivae zile nguo za kanisa."

Mama Spès alitazama chini. Mimi sikuweza. "Watoto hawatoki hapa, madamu. Uji upikwe hapa, tupike sisi, na watavaa tunavyowavalisha sisi."

"Una kiburi sana kwa mutu mwenye kuomba."

"Mi siombi. Ni wewe umekuja kuomba batoto."

Akaondoka bila kuaga. Usiku sikulala, Mama. Nilijiambia, Faida, mdomo wako umewanyima watoto chakula.

Kumbe bila watoto wetu hana wa kuwaonyesha majaji: leo asubuhi dereva wake ameleta magunia ya unga, na kibao kikubwa chenye jina la chama cha Madamu. Letu halimo hata pembeni. "Amesema kibao kipigiliwe ukutani kwanza," dereva akasema, "ndipo nishushe unga." Watoto walikuwa wamekwisha kupanga mstari na vikombe vyao.

Nikamwambia, "Baba, wewe una watoto?"

Aliwatazama wale wenye vikombe. Halafu akaanza kushusha magunia. "Nitamwambia nimekosa nyundo," akasema.

Nimepika mwenyewe. Wamekula mpaka wakalamba vikombe, na Bora kanywa wake, uso mzima uji. Hasira haijanitoka, na sitaki initoke haraka.

Nisalimie mama mdogo anayekukandia mgongo, na kaka yangu mvuvi, mwambie aache pombe. Msalimie na jirani yetu aliyenifundisha kusoma, mwambie kalamu bado naishika. Bora anakuchekea kwa meno yake mawili.

Dereva amesema atarudi kesho na nyundo. Arudi tu. Atakuta uji wa kesho nao umekwisha kuliwa.

Mwanao asiye na maneno matamu leo, lakini akupendaye,
Faida, Mama Bora