Fundi Aliyeng'ata Bisibisi

Mwakeye, nakusalimu kwa Kiha chetu, Neema, mke wangu mdogo!

Hapa Nyakitonto hatujambo. Bibi yako anaanika maharage na kulalamika kwamba hupigi simu. Umeniuliza ni gurudumu lipi la gari lako linalovuma, eti kwa kuwa nilikuwa dereva nitajua nikiwa huku. Mjukuu wangu, masikio hudanganya.

Zamani nilikuwa natoka Kibondo na abiria, gurudumu la mbele kulia likaanza kuvuma. Kufika Kasulu nikamweleza fundi mmoja kwa kirefu, mpaka wenzake wakacheka: "Kaka, huyo hasikii kabisa!" Nikawasha gari niondoke. Kiziwi atatafutaje kelele?

Akanizuia kwa mkono. Akapiga jeki, akang'ata mpini wa bisibisi, ncha akaigusisha katikati ya gurudumu la kulia huku akilizungusha, akafumba macho. Akatikisa kichwa. Akahamia la kushoto, kisha akanipa bisibisi niing'ate mimi. Neema, nilisikia mawe yakisagwa ndani ya fuvu langu! Alipofungua, beringi ilikuwa imevunjikavunjika. Gurudumu lingeweza kuchomoka njiani, na miongoni mwa abiria alikuwamo bibi yako, nikimpeleka hospitali ya Kabanga kujifungua.

Basi piga jeki, ung'ate bisibisi.

Wakati wa kurudi tulimpitia fundi amwone mtoto. Mama yako huyo alikuwa analia hadi sisi tumeziba masikio. Fundi akamkumbatia kifuani, akafumba macho vilevile, akamsikiliza mpaka mtoto akanyamaza.

Ni mimi, babu yako.