Fremu Nyeusi ya Nevena

Dolni Yasen,
Jumatano, 11 Juni.

Mpendwa Zlatka, mwenzangu wa dawati moja,

Pokea salamu zangu, nyingi na za moto kuliko hilo jua la Uhispania linalokuunguza mgongo. Hujambo? Na mgongo wenyewe haujambo? Yule msimamizi wenu bado anawapigia kelele kwamba mnachuma stroberi kama mnaokota mayai? Huku sisi tu wazima. Mama yako, Bibi Radka, hajambo, isipokuwa lile goti lake linalotabiri mvua na kukosea. Binti yako Nevena ni mzima kabisa, ameongezeka kimo hata akiwa amekaa unaona, na kila asubuhi anaingia shuleni kwa kiti chake cha magurudumu bila kubebwa na mtu. Amenituma nikwambie amepata sita ya hesabu, na kwamba juu ya sita hakuna kitu.

Najua utashangaa kupata barua wakati tunazungumza kila Jumapili. Naandika kwa sababu kwenye simu mimi ni mwoga. Kila nikitaka kulisema jambo lililonikaa kooni, wewe unaanza kunishukuru kabla sijafungua kinywa, nami nalimeza tena. Jambo lenyewe liko chini huko, karibu na sahihi yangu. Nakuomba usilirukie. Soma kwa mpango, kama tulivyosoma pamoja zamani, mimi nikishika kitabu na wewe ukigeuza kurasa.

Klabu yetu ya Korongo unaijua. Tuko kumi na wanne, wengi wetu tumeshastaafu, tunakutana kila Jumanne chumba cha juu cha maktaba. Tumewapatia watoto wa mji huu miwani, viatu vya baridi, na basi la kwenda baharini kila kiangazi. Mimi ni mwenyekiti wake mwaka wa sita huu. Nisikufiche, napenda kazi ile, na napenda pia kukata utepe na kupigwa picha na kizibao changu cha njano. Mume wangu husema nikiona mkasi tu nasimama wima.

Zile ngazi nane za mbele ya shule unazikumbuka. Mlinzi alikuwa akimbeba Nevena mgongoni kila siku mpaka kiuno kikamshinda, na tangu baridi ilipoanza mtoto akawa anasomea jikoni kwa mama yako, mwalimu akipita mara moja kwa wiki. Klabu ikaamua kujenga njia ya mteremko. Saruji tulipata, mbao tulipata, na fundi alikubali kujitolea. Tulichokosa ni mikono. Mara mbili nilitangaza kwa karatasi za rangi, zenye baluni na korongo anayetabasamu. Mara ya kwanza walikuja watu wanne. Mara ya pili walikuja watatu, na mmoja wao alikuwa anatafuta mbuzi wake. Siku zote mbili Nevena alikaa getini na chupa ya chai na vikombe arobaini alivyovipanga mwenyewe. Ile mara ya pili alivikusanya vikiwa vikavu, akaniuliza kama watu wa mji huu hawana makoleo.

Ndipo nikaenda kwa Spas, mpiga chapa wa tanzia zetu. Sina haja ya kukueleza Spas ni nani. Kila nguzo, kila mlango na kila mti wa mji wetu una uso unaotutazama kutoka ndani ya fremu yake nyeusi: wa aliyekufa jana, wa aliyetimiza siku arobaini, wa aliyetimiza mwaka. Gazeti mtu anaweza asilisome. Nguzo akipita bila kuisoma ataambiwa hana utu.

Karatasi ya tatu ilitoka kwake Ijumaa saa nane mchana. Juu ilikuwa picha ya Nevena, ile ya kitambulisho cha shule, amekunja uso. Chini yake jina kwa herufi kubwa, halafu: Jumamosi saa nne asubuhi, uwanja wa shule, njooni wote na makoleo. Kuzunguka hayo yote ilikuwapo ile fremu. Nilizibandika mwenyewe kwa gundi na brashi, nguzo thelathini.

Jumamosi nilipofika sikuamini macho yangu. Uwanja ulikuwa umefurika. Wanawake wamejifunga vitambaa vyeusi, wanaume wamevaa suti za mazishi zinazonuka dawa ya nondo, na kila mmoja ameshika maua mawili au manne, kwa jozi, hesabu ya wafu. Wengine walikuja na sahani za ngano ya matanga, ya kuchemsha yenye sukari. Vijana wawili wa kiwanda cha mbao walileta makoleo kweli, wakamuuliza mwalimu mkuu kwa sauti ya chini kaburi lichimbwe upande gani. Na pale getini, na utepe mwekundu kichwani, alikaa Nevena na vikombe vyake. Akawaambia, “Karibuni, karibuni! Chai ipo, sukari mtasema.”

Bibi Gina, yule muuza maziwa mstaafu, alikaa chini vumbini na suti yake yote. Mtu mmoja alifanya ishara ya msalaba akirudi kinyumenyume mpaka akamkanyaga padri. Nevena akauliza huo ni msiba wa nani. Bibi Gina kutoka pale chini akasema, “Wako, mjukuu wangu, na wewe ni mzima kuliko mimi!” Watu wakacheka huku wanalia. Kisha mmoja mmoja akaanza kuchomoa ua moja katika yale aliyoyaleta, ibaki hesabu ya walio hai, wakampakatisha mtoto yaliyobaki hata usimwone ila utepe. Kwa aibu hakuna aliyethubutu kwenda nyumbani. Walivua makoti wakachanganya saruji na suti zao, na jioni njia ya mteremko ilikuwa imekwisha.

Sehemu inayofuata unaijua wewe kuliko mimi. Saa hiyohiyo shangazi wa mwenzako wa shambani alikuwa amemtumia picha ya nguzo kwa simu, naye akakuonyesha. Ulimpigia mama yako, ambaye simu yake huiwasha Jumapili tu. Ulinipigia mimi mara kumi na saba. Simu yangu ilikuwa ndani ya mkoba, mkoba ulikuwa ofisini, nami nilikuwa napigwa picha na koleo. Nilipoona namba yako nikakupigia na kukuambia mtoto yuko hai, ulitoa sauti ambayo sikujua kama ni yako. Saa mbili nzima ulikuwa mama aliyefiwa, umekaa chini kati ya masanduku ya stroberi, katika nchi ya watu. Ulipoweza kusema uliniuliza ni nani aliyefanya vile. Nikakujibu, “Ni fremu ya Spas.”

Jibu hilo lilitosha. Wewe ulimlaani kwenye simu na mama yako akaipokea laana akaitembeza sokoni. Tangu siku hiyo watu wanapanda basi kwenda mji wa jirani kuchapisha tanzia zao. Spas akiingia dukani kununua mkate mazungumzo yanakatika. Watoto humwita Mzee Jeneza. Nilikwenda kwake mara moja, usiniulize nilitaka kusema nini, akanihudumia kahawa na kuniambia nisihangaike, klabu ina kazi na watoto, na wateja wake yeye hawana haraka. Mimi nikanywa kahawa yake nikaondoka.

Alhamisi iliyopita tulimzika mama yake Spas. Tanzia aliichapa mwenyewe, akaibandika mwenyewe. Mtu aliyetuitia watu katika kila msiba wa mji huu kwa miaka thelathini alipata watu sita, na mmoja wao ni mchimba kaburi. Mmoja mwingine alikuwa Nevena. Alimsumbua mama yako tangu alfajiri mpaka akamsukuma kwenda makaburini huku analalamika njia nzima. Mtoto alikuja na maua matatu. Mawili aliyaweka kwa marehemu, na moja akampa Spas mkononi. Yule mzee alilishika ua lile kama hajui linashikwa wapi.

Tulipokuwa tunarudi, mimi nikisukuma kiti, Nevena aliniambia bila kugeuka, “Anti, Mzee Spas hakutaka kuniweka na wafu.” Nikamuuliza nani kamwambia. Akatoa kwenye mfuko wa kiti karatasi iliyokunjwa mara nne. Ni picha yake ileile na maneno yaleyale, lakini pembeni zimechorwa baluni kwa mkono, kwa wino mweusi, moja imepinda kama kiazi. Spas alimpa siku ile ya ujenzi, akamwambia hii ndiyo ilikuwa yako, bibi mkubwa mwenye kizibao cha njano akaikataa. Amekaa nayo miezi miwili. Nilimuuliza kwa nini hakukwambia wewe. Akasema, “Kwa sababu mama anakupenda.”

Zlatka, sasa nimefika.

Ile Ijumaa Spas alinionya. Aliishika karatasi juu ya mwanga akaniambia, “Pavlina, hii ni tanzia. Ukiibandika, kesho watamlilia mtoto wa watu.” Akanionyesha yenye baluni. Nilimwambia baluni zimeniletea watu wanne na mwenye mbuzi. Nikasema weka fremu. Alikataa, nikamwambia kama hataki nitaichora mwenyewe kwa kalamu, akaweka.

Na si hilo tu, laiti ingekuwa hilo tu. Saa kumi na moja jioni Bibi Gina aliingia kwenye duka langu la dawa analia, akaniuliza mtoto amekufa kwa nini. Nilikuwa na nafasi ya kuzibandua zile karatasi. Kuzunguka nguzo thelathini ni mwendo wa chini ya saa moja. Nilimpa matone ya moyo nikamwambia, “Njoo kesho, Bibi, utajua.” Nikafunga duka nikaenda nyumbani, na nilikuwa nimefurahi, Zlatka. Niliwaza jinsi uwanja utakavyojaa. Nilikukumbuka hata wewe. Nikasema moyoni, Uhispania ni mbali.

Sikuombi unisamehe, wala usinitafutie sababu kama unavyomtafutia kila mtu. Usiseme njia ya mteremko imejengwa. Hilo nimejiambia mwenyewe kila siku kwa miezi miwili, na ni kweli, na halinisaidii. Nimeona haya mbele ya mtoto wa miaka kumi na mmoja kuliko nilivyowahi kuona haya mbele ya mtu yeyote.

Jana nilimpelekea Spas maneno yangu yachapwe, kwamba fremu ilikuwa amri yangu na kwamba alinikataza. Nilimpa na picha yangu. Aliyasoma yote taratibu, akaitazama picha, akaniuliza kama naitaka na fremu au na baluni. Nilicheka, kisha nikalia palepale mbele ya mashine. Nimemwomba asubiri hadi barua hii ikufikie, ili usije ukaletewa tena habari na nguzo. Jumanne ijayo nitayasema pia kwenye kikao, na kizibao nitakiacha juu ya kiti.

Mama yako hajui bado, nitamwambia mwenyewe kesho, nitasimama mbali na jiko lake. Anakusalimu sana, na anauliza kama soksi alizotuma zilifika. Mume wangu anakusalimu. Nevena anakusalimu mara sita, kwa hesabu yake. Nisalimie wenzako wote wa shambani, hasa huyo ambaye shangazi yake anajua kupiga picha.

Jumapili nitakuwa karibu na simu saa ileile. Ukipiga nitashukuru, usipopiga nitajua. Ila ukipiga, nakuomba kitu kimoja tu, usianze kwa kunishukuru.

Ni mimi wako wa tangu utotoni,

Pavlina