Friji la Ghorofa ya Nne

Sinbillawin, Misri, 3 Mei 1988

Baba yangu mpenzi,

Naibusu mikono yako. Joto la Kuwait je, na kifua kinakuruhusu kufunga? Sisi hatujambo, ila Mama hatulii. Kila siku anafungua masanduku ya vyombo vyangu, anavipanga upya, anapiga vigelegele peke yake kama mwali ni yeye.

Friji ulilotuma limefika. Taabu ni ngazi za kwa kina Rifaat, nyembamba mno, na sisi tutakaa ghorofa ya nne. Lakini unamjua mchumba wangu, chuma hakimshindi. Ameunda winchi juu ya paa kwa vyuma vya vitanda na kapi la kisimani. Miguu ya nyuma ameikandamiza kwa magunia ya mchanga. Jana amepandisha godoro, mtaa mzima ukashangilia. Nikamwambia, "Godoro si friji." Akanicheka: "Bibi harusi, wewe tafuta chupa za maji tu." Vingine tutapandisha Alhamisi baada ya Idi.

Binti yako,
Ibtihal

Kuwait, 13 Mei 1988

Mwanangu Ibtihal,

Saumu naimudu, kifua kimetulia. Mama yako mwache apige vigelegele, kaisubiri sana siku hii.

Barua yako nimeipata leo na najibu papo hapo. Nampenda Rifaat, lakini mwambie baba mkwe kasema winchi hiyo hapana. Mimi nashinda bandarini, nimeona mizigo inavyogeuka ikining'inia. Friji likigonga ukuta mara moja tu, magunia yale yatanyanyuka kama mito ya kitanda. Ng'oeni milango yake, wanaume wanne walipitishe ngazini, hata wakishinda kutwa. Likikataa, libaki chini kwa mama mkwe wako. Na kama huyo mhandisi hasikii, basi asisimame mtu chini. Hata mmoja.

Baba yako

Sinbillawin, 24 Juni 1988

Baba,

Mama anakusalimu. Anakula kidogo. Najua Mjomba alikupigia simu, lakini hakukuambia ilivyokuwa.

Friji lilifika ghorofa ya tatu vizuri. Likagonga ukingo wa dirisha, likaanza kuzunguka. Paani wenzake Rifaat walisikia magunia yakisogea, wakaiachia kamba, nayo ikanasa kwenye kapi; wakapiga kelele, "Rifaat, achia!" Lakini yeye alikuwa ameinama kutazama chini, akamwona Mama. Alikuwa amesimama pale pale, kichwa juu, anapiga vigelegele, hasikii kitu. Rifaat akajitupa juu ya miguu ya winchi, akaikumbatia. Mwili wake uliishikilia kidogo, ndipo mimi nikamvuta Mama kwa nguo. Kisha winchi ikaenda chini, ikaenda naye.

Barua yako ililetwa tukiwa matangani.

Mama haongei. Akiongea, anasema, "Ni mimi."

Ibtihal

Kuwait, 8 Julai 1988

Mwanangu,

Nimeandika nikachana, nikaandika nikachana. Mwambie mama yako hivi: mtu hakosei kusimama chini ya furaha ya mwanawe. Msomee mstari huu kila siku hadi auchoke.

Nimeomba ruhusa ya kurudi. Wamesema baada ya majira ya joto.

Baba yako

Sinbillawin, 11 Oktoba 1988

Baba yangu,

Hujambo? Mama ameanza kutoka nje. Mstari wako ameuchoka, juzi kanifukuza nao.

Jana kwa jirani walikuwa wanapandisha kabati la bibi harusi. Baba, wameunda winchi nyingine, na magunia vilevile. Walioshika kamba ni wenzake Rifaat. Nilitoka na baibui langu jeusi nikaenda kusimama chini, chini kabisa.

"Ibtihal, ondoka, utatuletea mkosi!"

"Pandisheni."

"Una wazimu wewe?"

"Pandisheni tu. Mmoja wenu ajitupe juu ya miguu, kama yule."

Mmoja akakaa juu ya kamba, akafunika uso. Hatimaye walilifungua kabati vipande vipande, wakalipitisha ngazini huku wakinilaani hadi alasiri. Mimi nilibeba droo moja.

Walipomaliza, mama wa bibi harusi akanipa glasi ya sharbati ya harusi. Niliogopa kuikataa. Ilikuwa ya waridi, tamu sana. Nikainywa yote nikiwa nimesimama, halafu nikakaa pale kwenye ngazi zao nikalia, na bibi harusi akaja akakaa nami.

Binti yako,
Ibtihal