Moto Chini ya Mkorosho

Mjukuu wangu Zuhura,

Salamu nyingi kutoka Madimba. Mikorosho imetoa maua. Bibi yako anakula vizuri, ila majina yanazidi kumpotea. Umeniandikia kwamba chembe za kinga zinazosafisha uchafu ubongoni mwake zimepitiliza, sasa zinaharibu hata chembe za neva zilizo nzima. Ukaniuliza kama nazichukia.

Ujanani nilifagia majani makavu chini ya mkorosho wa baba, nikayachoma palepale ili shina libaki safi. Moto ukababua matawi yenye maua. Baba aliuzima, akaniambia, "Najua ulitaka kuutunza mti." Mwaka ule tuliokota korosho za upande uliobaki.

Sizichukii chembe hizo, mjukuu wangu. Leo asubuhi bibi yako ameniita kwa jina la kaka yake. Nimeitika, tukanywa chai.

Babu yako