Mwiko Wako wa Mawese

Shangazi yangu Tausi,

Nakuandikia kwa herufi zile za Kiarabu za chuoni ulizong'ang'ania nijifunze, ingawa najua hakuna wa kukupelekea. Nimekukumbuka mno. Siku hizi Wadachi wanapanua boma lao Usumbura, na wanunuzi wa mawese wameongezeka hapa Rumonge. Nakaa kwenye mkeka wako na mitungi yako, na bado nakuwekea nafasi upande wa kivuli.

Nina jambo la kuungama. Unakumbuka ulivyokuwa ukiingiza mwiko hadi chini ya mtungi na kukoroga mpaka mashapo yapande, ndipo mteja aonje? Ilikuwa ikiniudhi. Iliniudhi zaidi ulipomfundisha jirani yetu Bi Mariamu namna yako ya kuchemsha chikichi, kisha mawese yako yakichacha ukawa unawatuma wateja kwake. Moyoni nilikuona mjinga. Nisamehe.

Juzi nilikuwa na mitungi minne iliyochacha. Nikamimina mawese mapya kidogo juu ya kila mmoja, nikanadi kwamba yote ni mapya, ya kukamuliwa jana. Akaja yule mfanyabiashara mrefu wa Ujiji uliyemzoea. Nikampa mwiko, maana ndiyo desturi yako, akaurudisha.

"Wewe uko mutoto wa Tausi," akasema. "Kwenu sina lazima ya kukoroga."

Shangazi, nililia pale pale sokoni. Alikuwa anakuamini wewe, nami nilikuwa naliuza jina lako.

Nikakoroga mwenyewe, harufu ikapanda. Nikamwelekeza kwa Bi Mariamu, nikaanza kukunja mkeka, nikijua aibu yangu itafika hadi soko la Magara kabla ya jioni.

Mnunuzi alitaka mitungi minne, lakini Bi Mariamu alimuuzia miwili tu. Mingine miwili, mizuri kabisa, akaileta mbele yangu ili niiuze mimi, na kumwambia mnunuzi, "Hii iko ya huyu mutoto." Halafu akanieleza kwamba wewe ulimfanyia hivyo hivyo alipofiwa na mumewe, ukamkataza asimwambie mtu.

Kwa nini hukuniambia? Miaka yote ile nimekaa karibu yako nikinuna, na ningeweza kukushukuru ukiwa unanisikia. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Mungu akulaze pema, Shangazi. Mwiko wako ninao. Nakuahidi kila anayefika kwenye mkeka wako nitamkorogea hadi chini, hasa yule atakayesema hana haja.

Mtoto wako,
Salima