Salfa ya Watu Wawili Walionuniana

Nyumba ya nyuma ya ghala la mbegu,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Na mumeo, fundi saa, kifua kimeacha kumsumbua? Sisi huku miili ni mizima, ila roho yangu haijatulia hata kidogo.

Baba na Mama hawasemeshani. Baba alimwazima jirani toroli la Mama bila kuuliza, likarudi halina gurudumu. Tangu hapo mimi ndiye mjumbe wao. "Mwambie baba yako chai ipo." "Mwambie mama yako nimeiona." Na wamekaa meza moja, Shangazi.

Sasa mahindi. Yalipofika magotini, majani machanga ya juu yaligeuka njano, ya chini yakabaki kijani. Bwana shamba akasema udongo umepungukiwa salfa, tutie unga wake kidogo tu na kuufukia. Baba akatia asubuhi kimya kimya. Mama akatia jioni, mistari ileile. Kila mmoja alitaka mwenzake akute kazi imekwisha, aone haya. Unga ule hufanya kazi polepole, njano haikuondoka upesi, basi wiki iliyofuata wote wawili wakarudia.

Juzi bwana shamba alirudi akapima udongo, akaanza kufunga vifaa vyake. Nilipombana akasema salfa kidogo huusaidia mmea kula mbolea nyingine, lakini ikizidi huuchachusha udongo, na udongo mchachu hukifungia chakula humohumo. Majani mengine yameanza kuwa zambarau pembeni. Mahindi ya msimu huu huenda tukaokoa nusu. Anachohofia zaidi ni udongo wenyewe, na shamba tunalo hilo moja tu. Naogopa, Shangazi, sikufichi.

Dawa ni chokaa, itiwe kabla ya mvua kubwa, tena kwa kipimo, maana nayo ikizidi inaharibu. Hapo ndipo usingizi uliponiruka. Ningeitia mwenyewe, lakini hapa hakuna anayemwamini mwenzake. Nikimaliza mimi, Baba atatia yake na Mama yake. Nilipojaribu kusema, Baba akanijibu, "Mwambie mama yako yeye ndiye aliyezidisha." Mama naye akanituma vivyo hivyo.

Basi nimeitoa chokaa ghalani mwenyewe na kuificha. Wao wanadhani haijafika. Mawingu nayo yanazidi kukusanyika.

Baba hana anayemsikiliza duniani ila wewe dada yake. Usimpigie simu, atatoka nje kuongea, naye Mama hatasikia kitu. Andika barua moja, yenye majina yao wote wawili, umpe dereva wa basi aliyekuletea hii. Miwani ya kusomea humu ni moja na anayo Mama, kwa hiyo mmoja itabidi asome na mwenzake asikilize. Waambie waingie shambani pamoja, mmoja apime, mwingine atie. Ukitaka kulitaja toroli, litaje, ila mwishoni.

Nisalimie fundi saa, na binamu yangu Kijino, na Bibi mkwe wako asiyeishiwa na maswali. Mungu awape afya na akulainishie goti.

Ni mimi mwanao nikupendaye, ninayelala juu ya mifuko miwili ya chokaa huku nikisikiliza kama mvua imeanza,

Mjumbe.